Umbali, Mwendo na Muda: Namna ya Kueleza Safari ya Ndege kutoka Sumbawanga

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni mbali kiasi gani? Dereva wa basi atajibu kwamba ni takriban kilomita 1,150, kupitia Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro. Rubani atasema ni kilomita 845 hivi. Mzee wa kijiji chochote cha Ufipa, akiulizwa swali lilo hilo, hatataja kilomita hata moja. Atasema ni mwendo wa kutwa na kipande cha usiku. Majibu yote matatu ni sahihi, na wala hayapingani. Wa kwanza ametaja urefu wa barabara, wa pili ametaja umbali, wa tatu ametaja mwendo. Kiswahili kinayo maneno ya kuzitenga dhana hizi, lakini katika tafsiri za tiketi, ratiba na vitabu vya jiografia maneno hayo huchanganywa mara kwa mara, na mchanganyiko huo huweza kumgharimu msafiri nauli yake. Makala haya yanayapitia moja baada ya jingine, tukiitumia safari ya Sumbawanga kama mfano.

Tuanze na umbali. Neno hili limeundwa kutokana na kielezi mbali, kwa kiambishi u- cha nomino za dhahania, na maana yake ni nafasi iliyopo baina ya mahali na mahali. Umbali haujali njia. Ukiichora nukta moja juu ya Sumbawanga na nyingine juu ya Dar es Salaam, umbali ni ule mstari mfupi kuliko yote unaoziunganisha, hata kama hakuna kiumbe aliyewahi kuufuata. Masafa, lenye asili ya Kiarabu, hukaribiana sana na umbali, ila hutumika zaidi pale ambapo nafasi hiyo inafikiriwa kama kitu cha kuvukwa au kufikiwa: mbio za masafa marefu, makombora ya masafa ya kati, mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Husemi *masafa yangu na ndugu yangu ni makubwa*. Hapo ni umbali tu unaofaa.

Mwendo ni neno tajiri kuliko yote mawili, na ndilo linalowasumbua wafasiri. Linatokana na kitenzi kwenda, na hubeba maana ya namna ya kwenda (*mwendo wa kobe*), kasi ya kwenda (*punguza mwendo*), na vilevile umbali unaopimwa kwa wakati: *mwendo wa siku tatu*, *mwendo wa saa mbili*. Maana hii ya tatu ni ya kale. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuelekea Ziwa Tanganyika haikupimwa kwa maili bali kwa siku za kutembea, na kipimo hicho kilikuwa na akili yake: siku moja ya kupanda mlima si sawa na siku moja ya tambarare, ingawa mchora ramani anaweza kuziandikia tarakimu moja. Mtu aliyepanda kutoka Kasanga, ufukweni mwa ziwa lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi uwanda wa juu wa Ufipa ulio karibu na mita 1,800, anajua tofauti hiyo kwa magoti yake.

Mfano ulio hai zaidi ni barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa takriban kilomita 223. Kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika magari yalikwama humo hadi abiria wakashuka kusukuma. Baadaye ilitiwa lami kwa ufadhili wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Umbali baina ya Tunduma na Sumbawanga haukupungua hata hatua moja. Kilichopungua ni mwendo. Mwalimu anayetafuta mfano mmoja wa kuwaonyesha wanafunzi tofauti ya maneno haya mawili hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Turudi angani. Umbali wa ndege huelezwaje? Katika tafsiri za haraka tumekutana na maneno *kama kunguru arukavyo*, ambayo ni nakala ya neno kwa neno ya usemi wa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuamini kwamba kunguru huruka kwa kunyooka. Kunguru anayemjua ni yule anayezungukazunguka jalalani na kudokoa vifaranga. Semeni tu *kwa mstari ulionyooka*, au *kwa njia ya anga*. *Umbali wa angani* nao unakubalika, ingawa una udhaifu wake: huweza kufahamika kama umbali wa kwenda juu, yaani kimo.

Kosa jingine limeenea hata katika magazeti makini: *umbali kati ya Sumbawanga hadi Dar es Salaam*. Kati ya huhitaji na. Kutoka huhitaji hadi au mpaka. Sema *umbali kati ya Sumbawanga na Dar es Salaam*, au *umbali kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam*. Kuchanganya nusu ya muundo mmoja na nusu ya muundo mwingine ni sawa na kuvaa kiatu na ndara.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu. Kiwanja cha ndege cha Sumbawanga kipo karibu na nyuzi 7.95 kusini mwa ikweta na nyuzi 31.61 mashariki, Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere kipo nyuzi 6.88 kusini na nyuzi 39.20 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 1.07. Kwa kuwa kila uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi, hizo ni kilomita 119. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 7.59; karibu na ikweta uzi mmoja wa longitudo haujapungua sana, kwa hiyo tuuhesabu kilomita 110, nasi tunapata kilomita 835. Pande hizo mbili zikiunganishwa kwa kanuni ya Pythagoras, upande wa tatu ni kilomita 843. Hesabu kamili inayozingatia umviringo wa dunia hutofautiana na hiyo kwa kilomita mbili tatu tu. Kwa safari ndefu zaidi, kanuni ya pembetatu bapa hupotosha, na hapo ndipo tunapohitaji istilahi *duara kuu*: duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu, ambalo kipande chake ndicho njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Msitafsiri *duara kubwa*. Ukubwa si hoja, hoja ni kwamba hakuna lililo kuu kuliko hilo.

Tarakimu hizo zikiandikwa, kipimo chake kitajwe daima, maana neno maili lina watoto wawili. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609. Maili ya baharini, ambayo ndiyo itumiwayo na marubani pamoja na manahodha, ni mita 1,852. Kilomita zetu 845 ni maili 525 za nchi kavu lakini ni maili 456 tu za baharini. Mfasiri akiandika *maili 456* bila kufafanua, msomaji atapoteza zaidi ya kilomita 110, yaani kama kutoka Mbeya hadi mpakani Tunduma.

Umbali unaponyooshwa hivi, ramani huanza kusema mambo ambayo barabara huyaficha. Kutoka Sumbawanga hadi Lubumbashi, mji wa Kiswahili kama miji yetu ingawa Kiswahili chake kina ladha yake, ni kilomita 605 hivi kwa mstari ulionyooka. Yaani Mfipa yu karibu zaidi na Lubumbashi kuliko Dar es Salaam, kwa kilomita 240. Lakini umbali ni kitu kimoja na safari ni kitu kingine. Asiye na ndege ya moja kwa moja hulazimika kwanza kwenda mashariki ili afike magharibi, na safari yake itazidi umbali huo mara kadhaa. Ndiyo maana kauli *Lubumbashi ni karibu* na kauli *kufika Lubumbashi ni kazi* zinaweza kutoka katika kinywa kimoja bila mgongano. Kiswahili huliweka jambo hili vizuri kwa kutenga *umbali* na *urefu wa safari*, na ni vyema wafasiri wasiuvunje ukuta huo.

Sasa muda. Muda ni kipimo cha wakati unaopita. Wakati ni dhana pana zaidi, nayo huweza kuwa nukta katika historia (*wakati wa Wajerumani*) au nafasi inayofaa (*wakati umefika*). *Muda wa safari* na *wakati wa safari* kwa hiyo si visawe: wa kwanza huuliza safari itachukua kiasi gani, wa pili huuliza itakuwa lini. Ndani ya muda wa safari kuna tofauti ndogo zaidi ambayo ratiba huizingatia. *Muda wa kuruka* huanza magurudumu yanapoachana na ardhi na kwisha yanapoigusa tena. *Muda wa safari* ulioandikwa katika tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa na kwisha inapoegeshwa tena, kwa hiyo huwa mrefu zaidi.

Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 Q400, kama zile ambazo Air Tanzania ilipokea mwaka 2016, huruka kwa kasi ya takriban kilomita 650 kwa saa ikiwa imekwisha kutulia angani. Kugawanya 845 kwa 650 hutupa saa moja na dakika 18. Ongeza muda wa kupanda, kushuka na kutembea ardhini, nawe utakuwa karibu na saa moja na dakika 40. ATR 72, yenye kasi ya kilomita 500 hivi, itahitaji saa mbili. Ndege ndogo ya injini moja iendayo kilomita 300 kwa saa itakaribia saa tatu. Basi, ambalo kwa sheria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, lingehitaji zaidi ya saa 14 hata kama lisingesimama pahala popote, na hakuna basi lisilosimama.

Kuna mambo mawili ambayo mgawanyo huo hauyaonyeshi. La kwanza ni mwinuko. Hapa pana nafasi ya kuonya juu ya maneno kimo, urefu na mwinuko: mtu ana kimo, mti una urefu au kimo, ardhi ina mwinuko. Kiwanja cha Sumbawanga kina mwinuko wa takriban mita 1,800, na huko hewa ina uzito wa asilimia 84 hivi tu ya ule wa pwani. Hewa nyepesi huyapa mabawa na injini nguvu kidogo, kwa hiyo ndege ileile yenye mzigo uleule huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia kuliko ingehitaji Dar es Salaam, na zaidi katika mchana wa joto.

La pili ni upepo, na hapa msamiati wa baharini unatufaa kuliko tunavyodhani. Mabaharia wa pwani waliita upepo unaowakabili kwa mbele upepo wa omo, kwa sababu omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Tezi ni sehemu ya nyuma, na upepo utokao huko husukuma. Siku hizi tunaandika *upepo wa mbele* na *upepo wa nyuma*, na hatuna ugomvi nayo, ila *upepo wa mbele* huwatatiza baadhi ya wasomaji: unatoka mbele au unaelekea mbele? Omo halina utata huo. Kusi inapovuma kutoka kusini mashariki, ndege iendayo Dar es Salaam hukabiliwa na omo kwa sehemu, ilhali ile irudiyo Ufipa husukumwa. Basi muda wa kwenda na muda wa kurudi hautakuwa sawa, ingawa umbali ni uleule. Wala si ajabu kuazima kutoka baharini. Rubani lenyewe lilikuwa neno la chombo cha majini kabla halijapanda angani.

Kuhusu kitenzi: ndege hufanya nini? Hupaa inapoacha ardhi, huruka ikiwa angani, na hutua inapofika. Kuruka hutumika pia kwa kuondoka (*ndege imeruka saa nne*), na matumizi hayo yamekubalika. Kutua ni kitenzi kizuri ambacho aghalabu tunakitumia bila kukisikiliza: mchukuzi hutua mzigo kichwani, jua hutua, na ndege hutua, katika yote matatu kuna kitu kizito kinachopumzishwa chini. Upatanisho nao usisahauliwe. Ndege mwenye manyoya ni kiumbe, kwa hiyo *ndege anaruka*, *ndege wale wametua*. Ndege ya abiria ni kitu, kwa hiyo *ndege inaruka*, *ndege zile zimetua*. Herufi chache za upatanisho ndizo zinazomwambia msomaji kama mhusika anazungumzia korongo wa Ziwa Rukwa au chombo cha abiria.

Tumefika penye mgogoro mkubwa: saa. Neno hili hufanya kazi tatu. Ni chombo cha mkononi, ni kipimo cha dakika 60, na ni nukta katika siku. *Ndege ya saa mbili* inaweza kuwa ndege iondokayo saa mbili, au ndege ambayo safari yake huchukua saa mbili. Ni kwa sababu hiyo watu wengi husema *masaa mawili* wanapokusudia muda na *saa mbili* wanapokusudia nukta. Walimu huwakosoa, na kwa Kiswahili sanifu walimu wana haki: saa imo katika ngeli ya I-/ZI-, umoja na wingi wake ni mmoja, na mtihani hautampa alama mwanafunzi aliyeandika masaa. Lakini kwa maoni yangu wasemaji hao hawakukosea kwa uvivu. Waliona shimo katika lugha, wakalifukia kwa udongo waliokuwa nao. Atakaye kuandika sanifu hana budi kulifukia kwa njia nyingine, nazo zipo: *muda wa saa mbili*, *kwa saa mbili*, *saa mbili nzima* kwa kipimo, *saa mbili asubuhi*, *saa mbili kamili*, *ilipotimu saa mbili* kwa nukta. Maneno nzima na kamili yanaonekana kama ndugu, lakini hapa yamegawana urithi: nzima huutazama muda, kamili huitazama nukta.

Kosa la saa lililonifundisha somo hili nililitenda mwenyewe. Mjomba wangu alikuwa anasafiri kutoka Sumbawanga kwenda Muscat kumwona binti yake. Tiketi ya Dar es Salaam hadi Muscat ilikuja kwa Kiingereza, ikionyesha Jumamosi, 00:30. Aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili katika kijikaratasi, nami nikaandika: *Jumamosi, saa sita na nusu usiku*. Kila neno lilikuwa sahihi. Mjomba alipanda basi, akafika Dar es Salaam Ijumaa usiku, akalala nyumba ya wageni, na Jumamosi saa tatu usiku akajitokeza kiwanjani amevaa kanzu mpya. Ndege yake ilikuwa imeondoka saa ishirini na nusu kabla ya hapo, wakati yeye akiwa usingizini.

Kosa lilikuwa wapi? Tarehe ya kimataifa hubadilika katikati ya usiku, kwa hiyo 00:30 ya Jumamosi ni dakika 30 tu baada ya Ijumaa kwisha. Siku ya Mswahili haigeuki hapo. Kwa desturi ya kale ya pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake: *usiku wa Ijumaa* ulikuwa ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa wengi wa bara na kwa vijana wa mjini, usiku hufuata mchana wake, hivyo *Jumamosi usiku* ni ule unaokuja baada ya mchana wa Jumamosi. Mjomba alielewa kama watu wa nyumbani wanavyoelewa. Lugha ilikuwa tayari na usemi usioacha shaka kwa yeyote kati yao, nami sikuutumia: *usiku wa kuamkia Jumamosi*. Kila safari ya ndege iondokayo baina ya saa sita usiku na mapambazuko iandikwe hivyo, na ikiwezekana siku zote mbili zitajwe.

Kuhusu kugeuza tarakimu za tiketi kuwa saa za Kiswahili, kanuni ni nyepesi ukiikumbuka kwa vipande. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza sita: 00:30 ni saa sita na nusu usiku, 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, ondoa sita: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:20 ni saa nane na dakika 20 mchana. Kuanzia 19:00 kuendelea, ondoa kumi na nane: 22:30 ni saa nne na nusu usiku. Hatari kubwa ipo katika tarakimu ambazo zina maana kwa pande zote mbili. Aonaye 08:00 na kusoma *saa nane* atafika kiwanjani amechelewa kwa saa sita. Kwa hiyo usiandike *saa 8:00* peke yake katika tafsiri yoyote. Andika *saa 2:00 asubuhi*, na asubuhi hiyo isiachwe kwa kubana nafasi.

Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, lakini huko Ufipa saa na jua havielewani sana. Tanzania nzima hufuata wakati wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini. Upo baharini kwetu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na Sumbawanga imeachwa nyuma ya mstari huo kwa zaidi ya nyuzi 13. Kwa wastani, jua huwa utosini pale inapokaribia saa saba kasoro dakika saba, wala si saa sita. Dar es Salaam huliona jua nusu saa mapema zaidi. Katika mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi ya pwani watu huuona mwanga ukianza kupanda, ilhali Sumbawanga bado ni giza na baridi, na jua halichomozi mpaka saa moja imepita. Mwandishi wa hadithi anayemwamsha mhusika wake *jua lilipochomoza, saa kumi na mbili kamili* katika kijiji cha Ufipa amemhamishia mhusika huyo pwani bila kujua.

Ukivuka mpaka kutoka Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, saa hurudi nyuma kwa saa moja. Lubumbashi pia iko nyuma kwa saa moja. Muscat iko mbele kwa saa moja. Ndiyo sababu tiketi hutaja *saa za mahali*, na msomaji asipotahadharishwa huhesabu vibaya. Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni kilomita 3,970 hivi, na ndege ya moja kwa moja huhitaji takriban saa tano na nusu. Ikiondoka saa kumi alasiri kwa saa za Dar es Salaam, itafika saa nne na nusu usiku kwa saa za Muscat. Mtu akitoa nukta kwa nukta atapata saa sita na nusu, na ataamini kwamba amekaa angani muda ambao hakukaa. Wakati wa kurudi, kosa lilelile litamfanya aone safari imekuwa fupi kupita kiasi.

Umbali mzima wa safari ya mjomba, laiti angeruka kutoka Sumbawanga hadi Muscat bila kutua popote, ungekuwa kilomita 4,550. Kwa kupitia Dar es Salaam kwa ndege ungekuwa 4,815. Kwa basi hadi Dar es Salaam kisha ndege, jinsi alivyosafiri, ni zaidi ya kilomita 5,100. Tiketi ya pili, aliyoilipia baada ya siku nne, nilimwandikia hivi:

*Ndege itaondoka Dar es Salaam usiku wa kuamkia Jumatano, yaani Jumanne ikiisha, saa sita na nusu usiku. Uwe kiwanjani Jumanne saa tatu na nusu usiku. Ndege itakuwa angani kwa muda wa saa tano na nusu. Itatua Muscat Jumatano, saa moja asubuhi kwa saa za huko, wakati saa yako ya mkononi ikionyesha saa kumi na mbili asubuhi.*

Aliusoma mara mbili, akauliza kama ile saa ya mkononi aigeuze akiwa ndegeni au akishafika. Nilimwambia aigeuze akishafika, ili awe na saa ya Ufipa njia nzima.